Utetezi wa kitaaluma kwa daktari bingwa wa meno: ni kitu gani hasa, na mtu anaingilia wapi?

Neno "utetezi" lina mkosi. Ukilisikia tu, akili inakimbilia mahakamani kwa wakili mwenye joho, au barabarani kwa watu wenye mabango. Ndiyo maana daktari bingwa wa meno akiambiwa na mwenzake, "Daktari, tunakuhitaji kwenye kamati ya utetezi," mara nyingi anacheka kwanza, halafu anakataa: mimi na siasa wapi na wapi? Na mwananchi akisikia kwenye taarifa ya habari kwamba madaktari wa meno wamekwenda kuonana na wabunge, anakata shauri palepale kwamba wamefuata nyongeza ya mshahara.

Wote wawili hawajakosea kabisa. Siasa imo, na maslahi yamo. Lakini sehemu kubwa ya kazi yenyewe haifanani na picha hizo, na kwa bingwa wa meno ina sura yake ya pekee ambayo haielezwi mara nyingi.

Tuweke maneno sawa kwanza.

Utetezi wa kitaaluma, ambao wengine huuita uchechemuzi, ni kutumia ujuzi na ushahidi unaoupata kazini ili kubadilisha uamuzi unaofanywa na mtu mwingine. Uamuzi huo unaweza kuwa sheria, bajeti, kanuni ya bima, mtaala wa chuo au utaratibu wa hospitali. Hauko mikononi mwako, lakini matokeo yake ndiyo yanayokuja kukaa kwenye kiti chako cha matibabu. Ushawishi ni tawi moja tu la utetezi: ni kuzungumza na mtunga sheria au ofisa kuhusu jambo mahususi linalosubiri uamuzi, na baadhi ya nchi zina kanuni zake, ikiwemo kujiandikisha. Kufundisha watoto kupiga mswaki ni elimu ya afya. Kuiomba wizara iondoe kodi kwenye dawa ya meno yenye floridi, madini yanayosaidia kuzuia meno yasioze, hapo sasa umeingia kwenye utetezi.

Daktari bingwa naye ni nani? Ni daktari wa meno aliyerudi darasani kwa miaka kadhaa akabobea upande mmoja: upasuaji wa kinywa, taya na uso, upangaji wa meno, meno ya watoto, fizi, mizizi ya meno, meno ya bandia, na nyinginezo. Orodha haifanani kila nchi. Marekani inatambua fani 12, na ya karibuni, ile ya maumivu ya kinywa na uso, iliingia mwaka 2020. Hata kutambuliwa huko ni zao la utetezi, kwa sababu kuna watu waliokaa chini wakaeleza kwa maandishi kwa nini maumivu ya taya yanahitaji mtaalamu wake.

Kuna jozi moja zaidi inayochanganywa kila siku, hata na madaktari wenyewe: baraza na chama. Baraza la kitaaluma husajili, hutoa leseni na huadhibu. Lipo kwa ajili ya kumlinda mgonjwa. Chama cha kitaaluma huwaunganisha wanataaluma na kusema kwa niaba yao. Kwa mfano, Uingereza wana General Dental Council upande wa baraza, na British Dental Association, iliyoanzishwa mwaka 1880, upande wa chama. Chama hicho ni chama cha wafanyakazi pia. Anayekwenda kwenye baraza akitarajia limpiganie kama mwanachama atarudi amekasirika bure. Na chama kinachojifanya baraza, kikaamua nani afanye kazi na nani asifanye, kinaleta matatizo ambayo tutayagusa mbele kidogo.

Fundi pancha anajua misumari inatoka wapi

Mfikirie fundi pancha aliyeketi kando ya barabara. Kila siku anachomoa misumari kwenye matairi. Baada ya mwezi anajua jambo ambalo idara ya barabara hailijui: misumari mingi inatoka kipande kilekile, karibu na pale lilipobomolewa jengo. Anaweza kuendelea kuziba na kupokea hela yake, na hakuna atakayemlaumu. Au anaweza kuandika kwa wiki mbili kila gari limetobokea wapi, kisha akaipeleka karatasi hiyo kwa mwenye mamlaka ya kufagisha barabara. Akifanya hivyo amefanya utetezi. Na tazama: hakuacha kuziba pancha, wala hakugombea udiwani.

Bingwa wa meno ni fundi pancha aliyekaa mwisho kabisa wa barabara. Anayemfikia ni mgonjwa wa rufaa, aliyekwisha kupita kwingine. Daktari wa kawaida anaona jino moja lililooza. Bingwa wa meno ya watoto anaona mtoto ambaye shavu limevimba, amekwisha kupewa dawa za kuua vijidudu mara tatu, na bado anasubiri siku ya kulazwa. Bingwa wa fizi anaona wenye kisukari ambao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba sukari na fizi zinaathiriana. Kila rufaa ni ushahidi wa kitu kilichokwama mahali fulani huko nyuma, na bingwa ndiye mtu pekee ambaye rufaa hizo zote zinakutana mezani kwake.

Mfano bora ninaoujua ulianzia kwenye mataya yaliyovunjika. Jonathan Shepherd, bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso huko Cardiff, Wales, alikuwa akishona nyuso na kuunga mataya ya watu waliojeruhiwa kwenye vurugu. Alipolinganisha kumbukumbu za hospitali na za polisi akakuta pengo kubwa: majeruhi wengi waliotibiwa hawakuwemo kabisa kwenye vitabu vya polisi. Wengine waliogopa kulipiziwa kisasi. Wengine hawakumjua aliyewapiga. Wengine hawakutaka polisi waulize wao wenyewe walikuwa wanafanya nini pale. Kwa maneno mengine, polisi walikuwa wanapanga doria kwa ramani yenye mashimo, na ramani kamili ilikuwa hospitalini, imegawanyika vipandevipande kwenye mafaili ya wagonjwa.

Alichopendekeza ni kidogo hadi kinashangaza. Pale mapokezi ya idara ya dharura, mhudumu aongeze maswali machache kwa aliyejeruhiwa: ilikuwa wapi, jina la mtaa au la baa? Saa ngapi? Ulipigwa kwa ngumi, glasi, au kisu? Majina yaondolewe. Kinachobaki kipelekwe mara kwa mara kwa polisi na halmashauri ya jiji, ambao wakae meza moja na watu wa hospitali. Kutokana na hapo doria zilihamishiwa mahali na saa ambazo watu walikuwa wanaumizwa kweli, na baa zenye sifa mbaya zikamulikwa. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha tathmini iliyoilinganisha Cardiff na miji inayofanana nayo. Idadi ya waliolazwa kwa majeraha ya vurugu ilikadiriwa kuwa pungufu kwa asilimia 42. Miaka mitatu kabla ya hapo Shepherd alikuwa ameshinda, pamoja na David Olds, Tuzo ya Stockholm, ambayo ni tuzo ya elimu ya uhalifu. Daktari wa kinywa, tuzo ya wanazuoni wa uhalifu!

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kina karibu kila kitu. Hakuomba chumba kikubwa zaidi cha upasuaji wala mashine mpya. Alitaka wagonjwa wake wapungue. Bingwa anayeomba jambo litakalompunguzia kazi anasikilizwa kwa sikio tofauti kabisa na lile analosikilizwa nalo anayeomba malipo.

Wakati mwingine ni namba tu kwenye fomu

Lakini malipo nayo yana mahali pake, na si lazima yawe ya daktari.

Kuna watoto ambao meno yao hayawezi kutibiwa wakiwa macho: wadogo sana, wenye meno mengi yaliyooza kwa pamoja, au wenye ulemavu unaowafanya wasiweze kutulia kitini. Hao wanahitaji nusukaputi na chumba cha upasuaji hospitalini. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, kiwango ambacho mpango wa bima wa serikali, Medicare, ulikipangia chumba hicho kwa kazi ya meno kilikuwa kama dola 200. Meneja wa hospitali akipiga hesabu, chumba hichohicho kwa saa hizohizo kingeingiza zaidi kwa upasuaji mwingine. Hakuna aliyewachukia watoto. Ni ratiba tu iliyokuwa ikijaa bila wao, wiki baada ya wiki.

Chama cha madaktari wa meno, cha mabingwa wa meno ya watoto, na cha mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya vilikwenda pamoja kwa wakala anayeendesha Medicare. Hawakubeba mabango. Walibeba barua, majedwali ya gharama na maelezo ya kwa nini saa mbili za kutibu kinywa kizima si sawa na kung'oa jino moja. Kilichotoka ni msimbo mpya wa malipo, G0330, ulioanza kutumika Januari 2023 kwa kiwango cha dola 1,722 hivi. Medicare hasa ni mpango wa wazee, lakini viwango vyake hutazamwa na wengine wanaopanga bei, zikiwemo bima zinazowahudumia watoto maskini.

Msimbo! Hakuna mwandishi wa habari atakayekesha kwa ajili ya msimbo. Ila ningeambiwa nichague kati ya hotuba kumi kali na namba moja mpya kwenye fomu, ningechukua namba.

Nchi hiyohiyo ina upande mwingine wa kisa. Februari 2007 mvulana wa miaka 12 huko Maryland alifariki baada ya vijidudu kutoka jipu la jino kufika kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Matibabu ya hospitali yalipita dola 250,000 na hayakumwokoa. Watetezi wa afya ya kinywa walikuwa wamesema kwa miaka kwamba familia zenye bima ya serikali hazipati daktari wa kuzipokea. Walipoitwa kueleza, walikuwa na maelezo tayari na mapendekezo tayari. Mwaka 2009 sheria ya taifa ya bima ya watoto iliandikwa upya, na huduma ya meno ikawa ya lazima. Ni uchungu kusema, lakini mlango wa sera mara nyingi hufunguka baada ya msiba, kwa muda mfupi, na anayeingia ni yule ambaye karatasi zake zilikuwa zimeshaandikwa.

Yanayosemwa, na yalivyo

"Hiyo ni siasa." Kugombania chama fulani kishinde ni jambo moja, kueleza sera fulani itawafanya nini wagonjwa ni jingine, na la pili unaweza kulifanya mbele ya pande zote bila kubadilisha sentensi hata moja. Ugumu ni kwamba sayansi haimalizi ubishi. Tazama floridi. Mji wa Grand Rapids, Michigan, ulianza kuiongeza kwenye maji ya bomba Januari 1945, wa kwanza duniani. Calgary, Kanada, iliiondoa mwaka 2011. Watafiti wakafuatilia meno ya watoto, wakazi wakapiga kura mwaka 2021, na mwaka 2025 ikarudishwa. Mwaka huohuo wa 2025, Utah ikawa jimbo la kwanza la Marekani kuipiga marufuku. Sasa geuza upande: katika sehemu za Bonde la Ufa, Afrika Mashariki, maji ya ardhini yana floridi nyingi kupita kiasi, juu ya kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanakua na meno yenye madoa ya kahawia. Bingwa atakayenakili hotuba ya Calgary na kuisoma huko atakuwa anatetea madhara. Utetezi mzuri hauna maneno ya kukariri. Unaanza na maji yenyewe, kwenye chupa, maabara.

"Mnatetea matumbo yenu." Hili ndilo gumu, na sipendi makala zinazolipita kwa kucheka. Wakati mwingine ni kweli. Alaska ina vijiji vya wenyeji ambavyo havifikiki kwa barabara na havina daktari wa meno. Mashirika ya afya ya wenyeji hao yalipeleka vijana New Zealand, nchi iliyoanza kufundisha wauguzi wa meno wa shule tangu 1921, wakarudi wakiwa na ujuzi wa kuziba na kung'oa meno bila kuwa madaktari kamili. Mwaka 2006 chama cha madaktari wa meno cha Marekani na cha jimbo vilikwenda mahakamani kuwazuia. Mwaka 2007 vilishindwa. Hoja yao ilikuwa usalama wa mgonjwa. Lakini mwananchi aliyekuwa akiangalia aliona kitu kingine: watu wanaozuia huduma ambayo wao wenyewe hawakuwa wameipeleka. Doa la namna hiyo halitoki haraka.

Hapo linganisha na Massachusetts, mwaka 2022. Bingwa wa upangaji meno alianzisha hoja, ikafika kwenye kura ya wananchi, kwamba kampuni za bima ya meno zitumie walau asilimia 83 ya michango ya wateja kwenye matibabu yenyewe, la sivyo zirudishe tofauti. Je, madaktari wangefaidika? Bila shaka. Bima nazo zilionya kwamba michango ingepanda. Hata hivyo zaidi ya asilimia 70 ya wapiga kura walisema ndiyo. Maslahi ya daktari na ya mgonjwa yalikuwa yamelala upande mmoja, na kila mtu aliweza kuona hivyo bila kuelezwa sana. Kipimo ninachokitumia mimi ni rahisi: ombi hili likikubaliwa, mgonjwa asiyenifahamu atapata nini kufikia mwakani? Jibu likichukua zaidi ya sentensi mbili, kuna kitu kinafichwa, pengine hata wewe unajidanganya mwenyewe.

Na maslahi yasiyo yako yanaweza kukuingilia pia. Mwaka 2015 Cristin Kearns, daktari wa meno aliyegeukia utafiti, pamoja na wenzake walichapisha uchambuzi wa nyaraka za ndani za sekta ya sukari za mwaka 1959 hadi 1971. Serikali ya Marekani ilikuwa inapanga mpango mkubwa wa kutokomeza kuoza kwa meno. Sekta hiyo iliwasilisha ripoti yake, na asilimia 78 ya ripoti hiyo iliingia kwenye tangazo la kwanza la serikali la kuomba tafiti. Utafiti wa namna ya kupunguza sukari wenyewe ukawekwa kando. Kwa hiyo kampuni ikikuletea tiketi ya ndege, ukumbi na slaidi zilizokwisha kutengenezwa, usikatae tu kimoyomoyo. Tangaza maslahi hayo kwa maandishi, hata kama unadhani hayana uzito.

"Takwimu zikiwa nzuri zitajisemea." Hazisemi. Ofisa unayekutana naye ana dakika kumi, na kabla yako alikuwa akizungumzia mabomba ya maji. Tuseme bingwa wa meno ya watoto ameandika: "Huduma za kibingwa za meno zinahitaji kupewa kipaumbele." Ofisa atatikisa kichwa, atakushukuru, na karatasi itakwenda kabatini, kwa sababu hakuna alichoombwa. Tuseme badala yake ameandika: "Watoto 64 wako kwenye orodha yetu ya nusukaputi. Wa mwisho atatibiwa baada ya miezi saba. Chumba cha upasuaji namba 2 hakina ratiba Alhamisi mchana. Tunaomba Alhamisi hizo kwa miezi sita, kisha tulete hesabu." Sasa ofisa ana kitu cha kukubali au kukataa. Hata akikataa, atalazimika kutoa sababu, na sababu hiyo ndiyo mkutano wako unaofuata.

Kuhusu lile la "mtu mmoja hawezi", sitakawia: Shepherd alianza na maswali machache pale mapokezi.

Unaingilia wapi

Wengi wetu tunadhani mlango ni bungeni. Kwa kweli utetezi una vyumba vingi, na cha kwanza umeshakaa ndani yake bila kujua. Ukiandika barua kwa bima kueleza kwa nini mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura anahitaji kupangwa meno kama sehemu ya matibabu, wala si urembo, umemtetea mgonjwa mmoja. Ukigundua umeandika barua ileile mara tisa mwaka huu, tatizo si wagonjwa tisa tena. Ni kifungu kimoja kwenye kanuni za bima, na barua ya kumi iende kwa aliyeandika kifungu hicho.

Chumba kinachofuata ni hospitali au chuo chako, halafu chama cha fani yako. Vyama vya mabingwa mara nyingi ni vidogo. Wakati mwingine wanachama wote wanaenea kwenye ukumbi mmoja. Udogo huo una faida, kwa kuwa kamati zinatafuta watu na mgeni anapewa kazi haraka. Una hasara pia: mabingwa wa fizi wakiwa peke yao sauti yao ni ndogo, ndiyo maana kisa cha msimbo G0330 kilihitaji vyama vitatu. Kama mnabishana na fani jirani kuhusu nani aweke vipandikizi vya meno, msiupeleke ubishi huo wizarani. Umalizeni nyumbani.

Kisha kuna maoni ya wadau. Serikali nyingi hutoa rasimu ya kanuni na kutaka maoni kwa muda maalumu. Ni kazi kavu, haina picha za kupiga, na ndiyo maana wataalamu wachache hujitokeza. Ukurasa mmoja unaotaja kifungu kwa namba, ukaeleza kitakachotokea kliniki kikipita kilivyo, na ukapendekeza maneno mbadala, una nafasi ya kuingia kwenye sheria neno kwa neno. Ujue tu kalenda. Anayeomba fedha bajeti ikiwa imeshasomwa amechelewa mwaka mzima.

Mambo mawili ya tahadhari. Ukiwa mwajiriwa wa serikali au wa chuo, uliza mapema unaruhusiwa kusema nini kwa jina lako na nini kwa jina la taasisi. Na hadithi ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Picha ya shavu lililovimba inagusa kuliko jedwali lolote, lakini bila ridhaa ya maandishi, iliyoelezwa kwa lugha anayoielewa mzazi, haitoki kliniki. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi. Jirani anamtambua mtoto kwa kidevu.

Afadhali zaidi, mlete mwenyewe, akitaka. Nomi, ugonjwa unaokula tishu za uso na kinywa, huwapata hasa watoto wadogo wenye utapiamlo, na usipotibiwa huua kama asilimia 90 yao. Kwa miongo mingi haukuwemo kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika ya Shirika la Afya Duniani, na ugonjwa usio kwenye orodha ni taabu kuutafutia fedha. Nigeria iliongoza maombi, nchi 32 zikaunga mkono, madaktari wa upasuaji na watafiti wakaandaa ushahidi, na walionusurika wenyewe, wakiwa na makovu yao, wakasimama kusema. Desemba 2023 nomi iliingia kwenye orodha.

Ngazi hiyo ya kimataifa iko mbali na kiti chako kuliko unavyodhani, na wakati huohuo iko karibu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la afya ya kinywa mwaka 2021 na mkakati wa dunia mwaka 2022, na ripoti ya mwaka huo ikakadiria kwamba watu bilioni 3.5 hivi wana maradhi ya kinywa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki umegusa moja kwa moja amalgamu, dawa ya kuzibia meno ambayo karibu nusu yake ni zebaki: nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kuacha kuitumia kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Maazimio haya yanafika nyumbani yakiwa karatasi. Kuna mtu lazima aulize serikali yake imetenga nini, vifaa mbadala vitanunuliwa na nani, na mabaki ya zebaki yatatupwa wapi. Maswali hayo hayahitaji tiketi ya kwenda Geneva.

Kabla ya yote hayo, kuna jioni moja ya kufungua faili la rufaa za miezi mitatu iliyopita na kuhesabu. Safu nne zinatosha: umri, alikotoka, siku alizosubiri tangu rufaa iandikwe, na kilichofanyika mwishoni. Safu ya jina iache isiwepo. Ukifika rufaa ya thelathini hivi utaanza kuona eneo fulani linajirudia, au daktari fulani, au dawa fulani iliyotolewa mara tatu kabla ya mgonjwa kuletwa. Mpigie simu mwenzako mmoja wa fani hiyohiyo, hospitali nyingine, umuulize kama na yeye anaona hivyo.